Kuhesabu makala za usalama wa kompyuta ukiwa Tanga: mwongozo kamili

"Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anataka kwenye sura ya kwanza nionyeshe nani anaongoza duniani kwa utafiti wa usalama wa kompyuta, na Tanzania iko wapi. Hiyo takwimu naipata wapi?"

Swali hili huletwa na vijana wa shahada ya uzamili wanaporudi Tanga likizoni, na wengi wameshapoteza siku kadhaa wakitafuta jedwali lililokwisha kuandaliwa. Majedwali hayo yapo, tena mengi, na hayakubaliani. Hilo halina maana kwamba kuna anayedanganya. Kila aliyehesabu aliamua mambo fulani kabla ya kuanza, halafu akachapisha namba bila kueleza aliamua nini. Kwa hiyo nashauri utengeneze takwimu yako mwenyewe. Inahitaji kompyuta ya kawaida, LibreOffice (programu ya bure ya majedwali), bando la wastani na subira, na ukijua kidogo lugha ya programu ya Python mambo yatakuwa mepesi zaidi.

Anza na mikutano

Ukimtajia mtu wa Tanga neno utafiti, atafikiria malaria na kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kule Muheza, au mkonge na kituo cha Mlingano. Huko kazi ikikamilika hupelekwa kwenye jarida. Sayansi ya kompyuta ina desturi yake: makala zenye uzito hutoka mikutanoni, baada ya kupitiwa na wataalamu kwa ukali uleule wa jarida, na nyingi hukataliwa. Ukihesabu majarida peke yake, picha utakayopata haitafanana na uwanja wenyewe.

Mikutano inayoitwa minne mikubwa ni hii: IEEE Symposium on Security and Privacy, ulioanza 1980 na ambao wenyewe bado wanauita Oakland ingawa ulishauhama mji huo, ACM CCS, ulioanza 1993, USENIX Security, na NDSS, ambao kwa kawaida hufanyika San Diego mwanzoni mwa mwaka. Oakland huwa Mei, USENIX Security huwa Agosti, CCS huwa Oktoba au Novemba. Kalenda hii iweke kichwani, kwa sababu ukipakua data mwezi Julai mwaka huo utakuwa na mikutano miwili tu, na grafu yako itaonyesha kwamba utafiti wa usalama umeporomoka ghafla.

Nje ya minne hiyo kuna ACSAC, ESORICS, RAID, AsiaCCS na EuroS&P. Wa kriptografia, yaani elimu ya kuficha ujumbe kwa hesabu, wana Crypto, Eurocrypt na Asiacrypt, wa faragha wana PETS, na wanaochunguza tabia za watumiaji wana SOUPS. Kama mada yako ni PIN za huduma za pesa kwa simu na jinsi mama muuza samaki anavyozitumia, SOUPS inakuhusu kuliko NDSS. Kwa anayeanza, hata hivyo, chukua minne kwanza. Ni michache kiasi kwamba unaweza kukagua matokeo kwa macho yako, na bila ukaguzi huo hutaijua data yako.

Ukurasa mmoja wa kanuni

Kabla ya kupakua chochote, fungua ukurasa mtupu uandike: mikutano gani, kuanzia mwaka gani hadi upi, kitu gani kinahesabiwa kuwa makala, mwandishi anapewa kiasi gani, nchi inaamuliwaje.

Suala la mwandishi ndilo linaloleta ugomvi mkubwa. Makala yenye waandishi 8 unaweza kuihesabu nzima kwa kila mmoja, au ukampa kila mmoja moja ya nane. Njia ya kwanza inawanufaisha wenye maabara kubwa na marafiki wengi, ya pili inawanufaisha wanaoandika wawili wawili. Tovuti ya CSRankings, inayotumiwa sana kulinganisha idara za kompyuta, inagawanya. Orodha nyingine nyingi za watafiti hazigawanyi. Pale mwalo wa Deep Sea ni vivyo hivyo: mmoja akihesabu ndoo na mwenzake akihesabu samaki mmojammoja, watabishana hadi jioni na wote wako sahihi. Mimi nahesabu kwa njia zote mbili na kuziweka katika safu mbili zilizo jirani. Mtafiti akiwa wa 5 kwa njia moja na wa 40 kwa nyingine, pengo hilo lenyewe ni habari.

Ukurasa huo uwekee tarehe, na ukibadilisha kanuni katikati ya kazi andika umebadilisha nini na kwa nini. Msomaji hatakuuliza ulikuwa na namba gani, atakuuliza ulizipataje.

Chanzo: dblp

Hifadhidata ya kuanzia ni dblp. Ilianzishwa na Michael Ley katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, mwaka 1993, na sasa inaendeshwa na Schloss Dagstuhl. Ina orodha ya machapisho zaidi ya milioni 7 ya sayansi ya kompyuta, na data yake imeachiwa huru kwa leseni ya CC0, kwa hiyo huombi ruhusa wala hulipi. Haina idadi ya manukuu, yaani makala imetajwa mara ngapi na nyingine, wala idadi ya makala zilizokataliwa. Kazi yake ni kukuambia nani aliandika nini, wapi, mwaka gani, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Kuna njia mbili za kuichukua. Ya kwanza ni kupakua faili lote la XML, muundo wa maandishi unaosomwa na programu. Likiwa limebanwa ni karibu GB 1, ukilifungua linapita GB 3, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 italia ukijaribu kulisoma kwa mkupuo. Kama unaitaka njia hii, pakua kwa bando la usiku au ukiwa chuoni, pakua pia faili dogo la dblp.dtd linaloambatana nalo, kisha usome XML kipande kwa kipande kwa kutumia iterparse ya Python.

Njia ya pili ni nyepesi na kwa mikutano minne inatosha kabisa. Unaomba kitabu kimoja cha mkutano, yaani orodha ya makala zake za mwaka mmoja, kupitia API, anwani ambayo programu yako huomba data moja kwa moja:

https://dblp.org/search/publ/api?q=toc:db/conf/ndss/ndss2020.bht:&h=1000&format=json

Hapo umeomba NDSS ya mwaka 2020, na jibu linakuja kwa muundo wa JSON, ambao nao husomwa na programu. Kwa Oakland badilisha ndss iwe sp, kwa CCS iwe ccs, na kwa USENIX Security iwe uss. Nukta mbili mwishoni mwa bht usiziache. Sehemu ya h=1000 ni muhimu kuliko inavyoonekana: usipoiweka, dblp inakurudishia matokeo 30 tu na haikulalamikii. Mtu asiyejua ataamini kabisa kwamba mkutano ule ulikuwa na makala 30. Na 1000 ndicho kikomo cha ombi moja, kwa hiyo ukija kuomba kitu kikubwa zaidi itabidi uendelee kwa f=1000 na kuendelea.

Mikutano minne kwa miaka 10 ni maombi 40, mafaili madogo ambayo bando la siku linayabeba. Weka pumziko la sekunde chache kati ya ombi na ombi, maana ukiwasukuma haraka watakufungia kwa muda. Kabla ya kuamini jina la kitabu, fungua ukurasa wa mkutano kwenye dblp ulihakikishe, kwa sababu kuna miaka ambayo kitabu kimegawanywa au kimepewa jina tofauti. Kila faili lihifadhi kama lilivyokuja, bila kuligusa, kwa jina lenye mkutano, mwaka na tarehe ya kupakua. Usafi wote ufanyike kwenye nakala.

Kusafisha: hapa ndipo kazi ilipo

Chukua CCS ya 2016. Taarifa ya waandaaji inasema zilipokelewa makala 837 zikakubaliwa 137. Sasa fungua kitabu hicho kwenye dblp uhesabu mistari: ni zaidi ya 137. Humo mna hotuba za wageni rasmi, mabango, maonyesho ya programu, mafunzo mafupi na muhtasari wa warsha, vyote vikiwa kitabu kimoja na makala kamili. Mna pia mstari wa kitabu chenyewe, ambao kwenye JSON unatambulika kwa aina yake, Editorship. Huo uondoe kwanza.

Vilivyobaki vitenganishe kwa kurasa. Makala yenye kurasa 1528-1540 ina kurasa 13: toa ya kwanza kwenye ya mwisho, ongeza 1. Bango huwa na kurasa mbili au tatu. CSRankings imeweka mpaka kwenye kurasa 6, na mpaka huo unafaa kwa CCS. Ila usiupitishe kwenye mikutano yote kwa mkupuo. Maingizo ya NDSS kwenye dblp hayana namba za kurasa. Kanuni yako ya "kurasa 6 au zaidi" ikisoma pengo kuwa sifuri, NDSS nzima itafutika kwenye jedwali lako, miaka yote, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Kwa NDSS pengo lisomeke "haijulikani", kisha kagua vichwa kwa macho. Ukija kuongeza majarida utakutana na kurasa za mtindo wa 12:1-12:27, ambazo fomula yako ya kutoa haitazielewa, kwa hiyo ondoa kwanza sehemu iliyo kabla ya nukta mbili.

Aliyechukua faili zima la XML ana mtego wa ziada. Huko watu huchuja kwa funguo, yaani kitambulisho cha kila ingizo: kila kinachoanza na conf/ccs/ ni CCS. Si kweli. Warsha zinazoambatana na CCS nazo hukaa chini ya ufunguo huohuo, na utaziona kwenye sehemu ya booktitle (jina la kitabu) kwa alama ya @, kama AISec@CCS. Warsha za Oakland nazo ziko chini ya conf/sp/. Dawa ni moja: toa orodha ya booktitle zote zilizomo bila kurudiarudia, isome yote, uandike kwenye ukurasa wa kanuni zipi umezikubali.

Baada ya usafi, linganisha. CCS 2016 ikikupa 137, endelea. Ikikupa 139, tafuta hizo mbili hadi uzijue kwa majina. Usiseme "ni tofauti ndogo", maana mara nyingi tofauti ndogo ya mwaka mmoja ni dalili ya kosa la kanuni ambalo mwaka mwingine limekula makala 30.

Majina

Kwa watafiti wa China tatizo ni majina kufanana. dblp huwatofautisha kwa tarakimu nne nyuma ya jina, 0001, 0002 na kuendelea. Tarakimu hizo usizifute kwa kudhani ni uchafu, la sivyo watu kumi watakuwa mtu mmoja hodari kupita kiasi. Bora zaidi, usihesabu kwa jina kabisa. Kila mwandishi kwenye JSON ana namba ya pid, kitambulisho chake ndani ya dblp. Hesabu kwa hiyo, na jina litumie kwa kuonyesha tu.

Kwetu tatizo liko upande wa pili: mtu mmoja mwenye majina mengi. Tuseme kuna mtafiti, wa kubuni, aitwaye Mwanaidi Mbwana Shekue. Makala ya kwanza aliandika Mwanaidi Shekue, ya pili fomu ya mkutano ikamtoa kama M. M. Shekue, ya tatu mwenzake wa nje aliyeijaza akadhani Mbwana ndilo la ukoo. Kwenye jedwali sasa kuna wanawake watatu, kila mmoja na makala moja, na hakuna anayefika kwenye orodha yoyote. Ukimkuta mtu wa namna hii, linganisha wenzake wa kuandika nao na chuo chake, unganisha kwenye jedwali lako la marekebisho, halafu uwaandikie dblp warekebishe. Wanasikiliza. Na kama wewe mwenyewe ndio kwanza unaanza kuchapisha, chagua umbo moja la jina leo na ujisajili ORCID, namba ya kudumu ya mtafiti, ni bure.

Jambo la kiufundi ambalo limewaliza wengi: makala ikiwa na mwandishi mmoja tu, JSON ya dblp haimweki kwenye orodha bali humweka peke yake. Skripti inayotegemea orodha itakwama, au mbaya zaidi itahesabu sehemu za ingizo hilo kana kwamba ni waandishi. Angalia kwanza ni aina gani kabla ya kuzungusha.

Majedwali mawili

Tengeneza karatasi mbili. Ya kwanza ina mstari mmoja kwa kila makala: ufunguo wa dblp, mkutano, mwaka, kichwa, kurasa, aina. Ya pili ina mstari mmoja kwa kila mwandishi katika kila makala: ufunguo, pid, jina, na sehemu yake, yaani 1 ugawanye kwa idadi ya waandishi. Kwenye ya kwanza unapata idadi kwa fomula kama hii, ikiwa mkutano uko safu B, mwaka C na aina F:

=COUNTIFS(B:B;"ccs";C:C;2016;F:F;"makala")

Kompyuta nyingine hutaka koma badala ya nukta-mkato. Kwenye karatasi ya pili tumia jedwali la pivoti, pid upande wa kushoto, jumla ya mistari na jumla ya sehemu upande wa kulia. Ukijumlisha sehemu zote za mwaka mmoja lazima upate idadi ya makala za mwaka huo. Isipolingana, kuna makala umeipotezea mwandishi.

Kiwango cha kukubaliwa

Kiwango hiki, yaani makala zilizokubaliwa kati ya zilizopokelewa, dblp haina. Kinatoka kwenye dibaji ya kitabu cha mkutano au ujumbe wa wenyeviti wa kamati. Kichukue hapo, usikichukue kwenye jedwali la mtu mwingine.

CCS 2016 ilikubali 137 kati ya 837, asilimia 16.4. CCS 2019 ilikubali 149 kati ya 934, asilimia 16.0. USENIX Security 2020 ilikubali 157 kati ya 977, asilimia 16.1. Asilimia ni kama imesimama palepale, lakini kati ya CCS hizo mbili makala zilizopokelewa ziliongezeka kwa 97 na zilizokubaliwa kwa 12. Anayeonyesha asilimia peke yake anaficha ukuaji, na anayeonyesha idadi peke yake atadhani milango imefunguliwa. Onyesha zote.

Uangalie pia namba unayogawanyia, yaani makala zilizopokelewa. Siku hizi mikutano hupokea makala kwa awamu kadhaa kwa mwaka, na makala iliyoambiwa ikarekebishwe hurudi awamu inayofuata. Je, imehesabiwa mara moja au mbili? Zilizoondolewa na wenyewe, au kukataliwa kwa kukosa kufuata masharti, zimo? Dibaji ikieleza, nakili maelezo yake. Isipoeleza, usilinganishe mwaka huo na mingine kwa tofauti ya nukta za desimali.

Na Tanzania?

dblp haikuambii kila makala imetoka chuo gani. Kwa hilo nenda OpenAlex, hifadhidata huria iliyozinduliwa 2022 na OurResearch baada ya Microsoft kufunga Microsoft Academic Graph mwishoni mwa 2021. Kichujio cha nchi ni institutions.country_code:tz, na unaweza kukiunganisha na mwaka na mada.

Kuna mashimo mawili hapa. USENIX haizipi makala zake DOI, namba ya kudumu ya kutambulisha chapisho. Kwa hiyo ukiunganisha dblp na OpenAlex kwa DOI pekee, mkutano mmoja kati ya minne utaanguka wote. Kwa USENIX unganisha kwa kichwa cha makala na mwaka, ukiwa umepunguza herufi kubwa na kuondoa alama. Shimo la pili ni matawi: mtafiti wa Carnegie Mellon aliye Kigali akiandika jina la chuo bila kutaja Afrika, mashine inaweza kumpeleka Pittsburgh. Mtanzania anayesoma Ulaya naye atahesabiwa Ulaya. Amua kama unapima nchi ya taasisi au uraia wa mtu. Uraia hauandikwi kwenye makala, kwa hiyo kwa kawaida unapima taasisi. Basi sema hivyo, usiandike "Watanzania".

Kwenye mikutano minne jiandae kuona namba ndogo sana, na namba ndogo zina adabu yake. Kutoka makala 1 kwenda 2 usiandike "ongezeko la asilimia 100". Ziorodheshe kwa vichwa, msomaji azione. Halafu fungua jedwali la pili lenye mikutano ya kanda na majarida, kwa sababu kazi nyingi za kwetu ziko huko: pesa kwa simu, utapeli wa ujumbe mfupi, utekelezaji wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majedwali haya mawili yasichanganywe, na la pili lisiitwe la daraja la chini. Yanajibu maswali tofauti.

Manukuu na mada

Manukuu sitayakalia sana. Google Scholar haina API na huwazuia wanaoichota kwa mashine, kwa hiyo tumia Semantic Scholar au OpenAlex. Andika tarehe uliyochukua, linganisha makala za mwaka mmoja kwa mmoja, na tumia namba ya katikati badala ya wastani, maana makala mbili maarufu zinaweza kuvuta wastani wa mkutano mzima. Kielezo cha h (mtu mwenye h ya 10 ana makala 10 zilizonukuliwa angalau mara 10 kila moja), kilichopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, kinampendelea aliyeanza zamani, kwa hiyo usikitumie kumpima kijana.

Mada unaweza kuzifuatilia kwa maneno ya vichwani, lakini kwa tahadhari. Neno "side-channel", yaani kuiba siri kwa kupima dalili za nje za mashine, huandikwa kwa kistari na bila kistari. Ukitafuta "fuzz" ili upate makala za fuzzing, yaani kujaribu programu kwa kuilisha data holela, utazoa na "fuzzy extractor", ambayo ni kriptografia na haina undugu nayo. Soma angalau vichwa 50 vilivyonaswa kabla ya kuchora mstari wowote. Na ukiona mada za mashambulizi ya prosesa zikipanda, kumbuka kwamba Spectre na Meltdown zilitangazwa Januari 2018. Makala huchukua muda kuandikwa na kupitiwa, kwa hiyo usitegemee kilele mwezi uleule.

Kulisasisha jedwali

Mara moja kwa mwaka inatosha, Januari, baada ya kitabu cha CCS kuingia dblp. Pakua upya hata miaka ya nyuma, kwa sababu dblp hurekebisha majina na pid za zamani, kisha linganisha faili jipya na la zamani uone kilichobadilika. Ukichapisha jedwali, ambatisha mafaili ghafi na ule ukurasa wa kanuni. Mwaka ambao haujakamilika uache nje ya grafu, au uchore kwa rangi hafifu na uandike chini yake mikutano ipi imeshaingia.